Mama alivyochanganya maharage ya mtafiti tuliyemhifadhi Butihinda

Wakuu, salamu kutoka Butihinda, Muyinga. Hii siyo chai. Anayebisha aje, mashahidi wapo na maharage yapo.

Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nikarudi Burundi na mke na jembe. Ndiyo maana nilipokutana sokoni na mwalimu wa chuo kutoka Kivu Kusini, amekimbia bila hata begi, sikujiuliza mara mbili. Aliandika kwamba uchafu wa machimbo unaua mashamba ya watu, wenye machimbo wakaanza kumtafuta nyumbani.

Tukampa chumba. Jamaa akaanza upya utafiti wake wa mbegu za maharage.

Chuo kimoja Gitega kikakubali kumsikiliza. Kazi ikiwaridhisha, wanampa nafasi. Ikishindikana aende kambini, na usomi wake uishie hapo.

Miezi minne akachambua mbegu za majirani, kila aina na kikapu chake.

Siku mbili kabla ya presentation, mama yangu akaingia na huruma zake. Akamwaga vikapu vyote kwenye mkeka, akachanganya!

(Kwetu maharage hupandwa mchanganyiko, wakuu. Aina moja ikigoma, nyingine inazaa.)

"Mama, njo kazi yangu yote ile!" (kwao "njo" ni "ndiyo"). Mwalimu alilia kweli, mtu mzima.

Mama akashangaa: "We mwana wanje, mwanangu, maharage iko inapandwa moja moja kama yatima?"

Niliona aibu, acha tu.

Mama alipoelewa, akatoka, akarudi na wanawake wa kilima chetu. Wakachambua upya asubuhi moja tu, huku wakitaja: hii ilitoka kambini imefungwa kwenye kitenge, hii ilibaki hapa tulipokimbia, hii haitaki mvua nyingi.

Mwalimu anaandika, kalamu inaisha wino. Data hizo hakuwa nazo! Miezi yote alituuliza sisi wanaume, na sisi kwa ujuaji wetu tukamjibu.

Gitega nilimsindikiza. Profesa mmoja mkali akamuuliza, "Nani alikufundisha haya?"

"Mama wa Butihinda."

Wakampa nafasi, wakuu! Nilipiga vigelegele ukumbini, mwanaume mzima.

Nilichojifunza: msomi aliyekimbia usimpe kitanda tu, mpe na watu wa kufanya nao kazi.

Ripoti yake imetoka, majina ya wale wanawake yako ukurasa wa kwanza. Mama hajui kusoma, ila kila mgeni anamwonyesha lake kwa kidole, na hajawahi kukosea mstari.

Karibuni mchangie. Mama naye ameniagiza niwaulize: kuna msomi mwingine anayetafuta pa kukaa? Chumba kimebaki wazi.