Neema na Wimbo Tuliousoma Kinyumenyume

Sisi tuliokwenda shule Uyole na kidumu cha maji mkono mmoja, ufagio mkono mwingine, tunaijua baridi ya mwezi wa sita. Vidole viliganda hadi penseli ikawa haishikiki. Nyumbani ni viazi asubuhi, viazi mchana, na jioni kande kama maharage yapo. Vijana wa leo wakikosa chipsi siku moja wanajipiga picha ya huzuni na kuwatumia wenzao. Sisi viazi tulivichoka tukiwa bado tunavimenya.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni hofu. Mama alipomfuata baba kaburini, nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule, nikawa nashona magunia ya viazi sokoni ili wadogo zangu wawili, Ambele na Neema, wale na wasome. Shangazi yetu wa Kihesa, kule Iringa, alipokuja msibani alitaka kumchukua Neema akamlelee mtoto wake mchanga. Nilimwomba amwache asome. Akasema, "Haya. Ila nikisikia amerudia darasa, nakuja kumchukua. Hapo hutanizuia."

Sikuona cha kuhofia, maana Neema alikuwa anajua kusoma. Kila Jumapili kanisani alishika kitabu cha nyimbo cha mama, kidole kikitembea kwenye mistari, ubeti baada ya ubeti bila kukosea. Akina mama wa kwaya walimsifu, nami nikavimba kichwa.

Akiwa darasa la pili, mwalimu wake, Mwalimu Sekela, aliagiza mzazi afike shuleni. Nilipoingia ofisini akatazama nyuma yangu, kama kuna mtu mwingine anakuja.

"Nimemwita mzazi."

"Ndiye mimi, mwalimu."

Akayaangalia matope ya sokoni miguuni mwangu. "Mdogo wako hajui kusoma. Hata neno moja."

"Mwalimu, mbona kanisani anasoma kitabu kizima?"

"Nenda kampe kitabu hicho kichwa chini miguu juu, halafu utaniambia."

Jioni nilifanya hivyo. Neema alikipokea kitabu kikiwa juu chini, akaweka kidole, akaimba beti zote nne za wimbo. Ambele alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Neema alipouona uso wangu, machozi yakaanza kumtoka.

"Kaka, usimwambie shangazi."

Ilibaki miezi mitatu kabla ya mtihani wa kusoma mbele ya mwalimu, na aliyeshindwa alirudia darasa. Nilijaribu daftari la shule, lakini akiliona tu, midomo inamkauka. Na mimi mwenyewe nilikuwa msomaji wa kukwamakwama. Sokoni nilishona magunia huku najiuliza nitamwambia nini mama, kama wafu huuliza habari. Mwishowe nikarudi kwenye kitabu kilekile cha nyimbo, kwa sababu hicho hakukiogopa. Ila tulianza na neno la mwisho, tukarudi nyuma mpaka la kwanza, ili asipate njia ya kuukimbilia wimbo alioushika kichwani. Tulikaa jikoni, neno mojamoja, kabla giza halijaingia. Akikosea, hakukuwa na aibu, maana hata tukipatia yalisikika kama maneno ya mlevi. Nikikosea mimi alinicheka, nami nikamwacha anicheke.

Jirani yetu, Mama Gwakisa, alitusikia akaingia bila hodi.

"Ninyi watoto! Wimbo wa Mungu mnausoma kinyume, mnamwita nani humu ndani?"

Niliona maneno yakifika kwa mzee wa kanisa, na kutoka kwake hadi Kihesa. Nikamweleza yote, hata habari ya shangazi. Akavuta kigoda, akamwonyesha Neema mstari wa juu.

"Hapa pameandikwaje?"

Neema akasoma polepole, safari hii kwenda mbele.

"Kumbe ndivyo pameandikwa," akasema Mama Gwakisa, sauti imeshuka. "Miaka yote hii na mimi nakishika kitabu hiki kwa kukariri tu, wanangu. Msimwambie mtu."

Tangu siku hiyo Neema akitoka kuchota maji alipitia kwake kumwonyesha herufi. Alirudi kifua mbele: "Kaka, leo Mama Gwakisa amekosea mara tano! Nimemwambia asiogope, aanze tena."

Hata hivyo, siku ya mtihani sikwenda sokoni. Nilisimama nje ya dirisha la darasa. Mwalimu Sekela alimpa ukurasa ambao hakuna mtoto aliyewahi kuuona. Neema alisoma mstari mmoja, akakwama. Wenzake wakaanza kucheka chini kwa chini. Nilikuwa tayari namwona kwenye basi la Iringa, mtoto wa watu mgongoni.

"Mwalimu, naomba nianze tena."

Akaanza tena, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, mpaka nukta ya mwisho.

"Darasa la tatu," mwalimu akasema bila kuinua kichwa. "Anayefuata!"

Shule zilipofungwa shangazi alikuja kujionea mwenyewe. Neema alimsomea, na shangazi akaomba asomewe mara ya pili. Alikaa nasi siku mbili, akarudi Kihesa peke yake.

Leo Neema ana mtoto wa umri uleule. Kijana anasoma haraka kutushinda sote, na neno likimshinda anabonyeza simu, simu inamsomea. Enzi zile mtoto akikwama, alikwama kwa sauti, na nyumba ya pili wakasikia. Huyu anasoma kimya, mwanga wa simu usoni, nami nakaa pembeni nikiitazama midomo yake isiyotikisika, kama nilivyosimama siku ile dirishani, ila sasa sijui amekwama wapi.

"Mjomba, mbona unaniangalia hivyo?"

"Soma kwa sauti," namwambia, "nikusikie."