Klasi Nilizozishusha Chini

Ofisini mwenzetu mmoja tulimwita Kaka Juu, ingawa maringo hakuwa nayo hata kidogo. Kila faili la programu ya kompyuta aliloandika lilianza na klasi, yaani maelezo ya vitu vitakavyotumika: mgonjwa ni nani, kadi yake ina nini, miadi ni kitu gani. Kazi yenyewe ilikuja chini kabisa.

"Mashine inasoma kuanzia juu, kama wewe," alikuwa akisema. "Ukimtaja mtu kabla hujamtambulisha, inakwama."

Yeye alikuwa na miaka ishirini kazini. Mimi nilikuwa na miwili, na mdomo.

Jioni moja nilifungua faili lake la mapokezi ya zahanati. Maelezo, maelezo, maelezo! Nikaona ni mambo ya kizamani tu. Nikazikata klasi zote, nikazibandika mwisho wa faili, nikalituma bila hata kulijaribu, nikaenda zangu nyumbani nikijiona mjanja.

Asubuhi programu ikagoma. Mstari wa kumi ulimtaja mgonjwa aliyekuja kuelezwa kwenye mstari wa mia nne. Mapokezi yalisimama, kina mama wamepakata watoto wenye homa, na bosi akatujia akifoka.

"Kaka, umechoka? Hili faili si lako?"

Kaka Juu alinitupia jicho mara moja. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba.

"Nitalirekebisha," alisema. Akazipandisha klasi juu, na baada ya dakika tano kazi ikaendelea. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa.

Niliona aibu. Wiki ya tatu nikaenda kwake. Nilimkuta akiosha vyombo, nikasema yote kwa pumzi moja.

"Najua," alisema. "Kumbukumbu za faili huonyesha aliyeligusa, na zilikuwa na jina lako. Nilikungoja useme siku ile ile."

"Kesho namwambia bosi, kaka. Naapa."

"Huyo mwambie ukipenda. Lakini shemeji yako siku hizi ananiandikia kila kitu kwenye karatasi, hata nikienda kununua sabuni. Anaamini kichwa changu kimechoka."

Akajifuta mikono, akageukia mlango wa ndani.

"Mama watoto! Njoo, kuna mgeni ana neno la kukwambia."

Nikasikia kandambili zikija.