Njaa ya Mume Wangu

Wanawake wenzangu wana wake wenza wenye miguu. Wanajua wanakoishi, wanapishana nao sokoni, wanawavalia kanga za mafumbo na ujumbe unafika. Mie mke mwenza wangu ni karatasi. Imebandikwa kwenye ukuta wa jiko langu, Kibiti, juu ya ndoo ya maji, na ndiyo inayomwambia mume wangu ale nini na ale saa ngapi. Niliwahi kununua kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio", nikajifunga, nikapita nayo kutwa nzima mbele ya ile karatasi. Mume wangu akaniambia imenipendeza.

Yeye ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha pale kando ya barabara kuu. Aliponioa alikuwa mwembamba, na alikuwa mtu wa njaa. Sisemi mlafi, nasema mtu wa njaa. Njaa yake haikuwa na saa. Adhuhuri inapita hana habari na chakula, halafu alasiri namwona huyo, kaacha geti la watu halijapakwa rangi, anakuja moja kwa moja jikoni na kufunua sufuria kabla hajavua viatu. Nilikuwa namgombeza, namchapa mkono kwa mwiko, na moyoni nasema njoo tena kesho. Siye watu wa deltani, kule mto unakoingilia baharini, mapenzi hatuyasemi sana. Unapika, mwenzio anakula, basi mmeshaongea.

Kisha ikafunguliwa jim. Lilikuwa banda la mabati nyuma ya gereji, na vyuma karibu vyote kavitengeneza yeye kwa mkono wake, ekseli za magari mabovu na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Alianza kwa kunyanyua tu ili aone kama alichokichomelea hakitakatika, akanogewa. Mabega yakatoka, kifua kikatoka. Mashoga zangu wakaanza kuniuliza namlisha nini yule baba. Nikawa najibu kwa maringo, namlisha wali wangu wa nazi na samaki wa kwetu, kwani kuna kingine? Wallahi miezi ile nilitembea mji mzima kidevu juu.

Halafu akapata mwalimu. Mtu wa Dar, wanaongea kwenye simu tu, hata uso sijauona. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba mwili wa kupanda nao jukwaani, kwenye mashindano ya kutunisha misuli, haujengwi kwa njaa, unajengwa kwa ratiba. Ratiba ikatumwa, mume wangu akaenda kuichapisha stesheneri, akaja kuibandika. Asubuhi mayai, kiini atoe. Baadaye kifua cha kuku wa kuchemsha na kiazi kitamu. Mchana kuku yuleyule, na wali usiotiwa nazi, tena upimwe kwenye mizani. Kimizani chenyewe akakiweka katikati ya vyombo vyangu. Mie niliyepika wali kwa jicho tangu sijavunja ungo, leo napimiwa. Na kila mlo una kengele yake kwenye simu. Ikilia anakula, hata kama ametoka kulalamika sasa hivi kwamba tumbo limemjaa. Isipolia hali, upike nini, harufu ifike wapi.

Siku moja nilimpikia kamba wa nazi, wale wakubwa, nililetewa kutoka kwetu. Nikamwambia aonje tu.

"Bado, mke wangu. Mpaka saa kumi."

"Kwani una njaa au huna?"

"Njaa haihusiki," akasema.

Njaa haihusiki. Mtu anamwambia mkewe maneno hayo, na mke kasimama mbele yake kashika upawa. Wale kamba tulikula mie na wanangu, na kila niliyemmenya nilimmenya kwa hasira.

Kwetu mwanamume akianza kuacha chakula cha mkewe, watu hawaulizi kama chumvi ilizidi. Wanauliza anakula wapi. Nami nilijiuliza. Maana karatasi ni karatasi, inaweza kubandikwa na mtu yeyote kuficha lolote, na mume wangu kwa wakati huo alikuwa ameshakuwa wa kutazamwa. Nikajitanda ushungi mchana mmoja, nikaenda mpaka kule nyuma ya gereji, nikachungulia kwenye tundu la bati. Nilimkuta peke yake. Kakaa juu ya tofali, kopo la plastiki magotini, anatafuna kuku mweupe asiye na chumvi wala ndimu, macho kayafumba kama mtu anayemeza kwinini. Hapakuwa na mwanamke. Ningemkuta mwanamke ningejua pa kuanzia. Nilirudi nyumbani na wivu wangu mzima mzima, sina pa kuutua.

Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu, wala si kikubwa. Nilitaka mume wangu aone njaa, halafu aje kwangu. Sikutaka aache vyuma. Hata huko jukwaani kwake apande, apakwe mafuta, watu wampigie makofi, sina ugomvi. Ila njaa yake ilikuwa yangu, nilipewa siku ya ndoa, na mtu kaja kuichukua bila hata kubisha hodi.

Mwaka huu mdogo wangu akaolewa. Kwetu ni Salale, ndani kwenye mikoko, hakufikiki ila kwa boti. Watoto walikwisha kutangulia na mama yao mkubwa, tukabaki mie naye. Sasa mtu wa kwetu hapandi boti bila chakula, hata kama safari ni fupi, kwa sababu maji yakipwa kabla hujapita ndiyo umelala hapohapo. Siku zote kikapu nafunga mimi. Safari hii, tulipokuwa tunajitayarisha, akaniambia, "Mie usinifungie kitu. Nina vyakula vyangu."

Nikasema haya. Moyo ukaniwaka moto. Nikasema kama yeye hafungiwi, basi na mie sijifungii, nitakula kwa mama yangu. Kikapu nikakiacha kikining'inia msumarini, na asubuhi ile hata chai sikunywa kwa ghadhabu.

Tulipofika gatini boti ilikuwa tayari na maji yameanza kuondoka. Abiria wamekaa, nahodha anatuita. Mume wangu akasema asubiriwe kidogo, wakati wa kula unakaribia na hawezi kula ndani ya boti. Mashindano yalikuwa yamekaribia, mwalimu kamkataza chumvi kabisa, na kwenye boti maji ya chumvi yanaruka mpaka mdomoni. Nikamwambia maji hayamngoji mtu. Akaniambia hata mwili haungoji. Angekuwa mwingine angeachwa, lakini nahodha alikuwa mteja wake, kamchomelea kishikio cha mashine ya boti, akamvumilia. Basi tukakaa juani, sote, tunaitazama simu ikiwa haijalia. Ilipolia akafungua kopo akala taratibu, anatafuna kama alivyoelekezwa. Niliona aibu mpaka nikajifanya natengeneza mkanda wa kandambili.

Hatukufika mbali. Mkono wa mto ulipopinda boti ikakwaruza tope, ikaegemea upande, ikatulia. Nahodha akainua mashine, akasema sasa tungoje maji yarudi. Hakumlaumu mtu. Akajifunika kofia usoni akalala. Mikoko imetuzunguka mizizi juu, tope linanuka, mbu wanatuonea mchana kweupe. Mume wangu alikuwa na kopo moja lililobaki, na kengele yake ilipolia alilila, chumvi au pasipo chumvi. Vingine alipanga kwenda kuchemsha kwa mama. Mie niliyetoka bila hata chai nikakaza kanga kiunoni.

Alasiri simu ikalia tena. Akafungua kopo kwa mazoea, akalitazama. Tupu. Akalifunga. Simu ikaendelea kulia mkononi mwake.

Mbele yetu alikaa bibi mmoja, mtu wa vijiji vya huko ndani, meno ya mbele hana, kapakata sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Njia nzima hakusema neno zaidi ya kuitikia shikamoo zetu. Akageuka.

"Hiyo simu inalilia nini, baba?"

"Inaniambia nile, bibi."

"Na weye mwenyewe wasemaje?"

Mume wangu akaitazama ile sufuria. Nilimwona anameza mate. Akaizima simu, akaitia mfukoni, na kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu, sauti ile ya kabla ya jim, akasema, "Nina njaa."

Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Maneno niliyoyangoja yamepita mbele ya uso wangu yakaenda kwa mtu mwingine.

Bibi akafungua kitambaa. Wali wa nazi na kamba wa kukaanga. Akanawa kwa maji ya chupa, akamnawisha na yeye, akasema Bismillah. Mume wangu akala. Hakupima, hakuuliza chumvi. Alikula kwa mkono mzima, anamega na kumega, jasho linamtoka kwenye paji la uso, mafuta ya nazi yanamtelemka mpaka kwenye kifundo cha mkono na anayafuata kwa ulimi. Bibi anamsogezea kamba wazuri upande wake na kucheka kwa ufizi. Nami nilimchukia yule bibi, Mungu anisamehe, mwanamke ambaye angeweza kunizaa mara mbili. Nilimchukia kwa kile kitambaa, kwa ile sufuria, kwa kuwa alikuwa na akili ya kufunga chakula asubuhi ile.

"Mwanangu, sogea nawe ule," akaniambia.

Mume wangu akageuka, mdomo umejaa, macho yanang'aa, kafurahi kama mtoto wa siku ya Idi. "Kula mke wangu, kitamu kweli. Muulize bibi kamba hawa kawaungaje, uje unipikie."

Tumbo langu liliunguruma mpaka nadhani walisikia. Nikamshukuru bibi, nikamwambia nimeshiba.