Jina la Mgongoni

Ineza alipofika mwaka wa pili wa sekondari, tayari alikuwa akiinama kupita mlango wa jikoni kwao Mbugangari. Kimo alikirithi kwa baba yake, Sebahire, mwalimu aliyewafundisha nusu ya vijana wa Gisenyi mpira wa kikapu. Sebahire alifukuzwa kazi baada ya mwalimu mwenzake, Théoneste, kumsingizia kwamba aliwapunguzia wachezaji miaka kwenye karatasi. Ukweli ulikuwa kinyume: yeye ndiye aliyekataa kuzitia sahihi. Akafariki kabla hajasikilizwa.

Basi sekondari yote Ineza alicheza huku akizomewa: "Mutoto ya mupunguza miaka! Ye mwenyewe iko na watoto wawili nyumbani!" Hakujibu kwa mdomo. Mwaka wa mwisho alikuwa nahodha, na kombe la wilaya likaenda kwao.

Chuoni Kigali, kocha Cansilde alikuwa akiandika majina ya jezi.

"Ineza. Herufi tano, rahisi."

"Andika Sebahire, Kocha."

"Bon, ile ni jina ya baba yako. Kwetu kila mutu na jina yake, hata ndugu wa tumbo moja. Watauliza."

"Nataka waulize."

Mama yake, Epiphanie, aliposikia alikasirika. Miaka saba alikuwa amelilinda jina la mumewe kwa kunyamaza. "Jina jema hung'aa gizani, mwanangu. Usilipeleke kuzomewa."

"Mama, giza limetosha. Sasa ling'ae mchana."

Machi iliyofuata chuo kilikuja kucheza Gisenyi. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Théoneste. Kila mfungaji alimtaja: "Nambari tano, Umuhoza!" Ineza alipofunga, alisema tu, "Nambari nane." Mara kumi na moja, nambari nane.

Zikabaki sekunde mbili, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi moja. Ineza akachezewa vibaya, akapewa mitupo miwili. "Nambari nane," kikasema kipaza sauti. Akaukumbatia mpira, asitupe. Sekunde tano alizoruhusiwa zikapita, refa akapuliza filimbi: mtupo wa kwanza umepotea.

"We Ineza, unafanya nini?" Cansilde alipiga yowe.

"Nangoja jina lisomwe."

"Unatuua!"

"Mmoja bado ninao."

Jukwaani, Epiphanie akasimama, mkoba kwapani. "Théoneste! Shule umesoma. Soma jina hilo!"

Watu wazima waliofundishwa na Sebahire wakadakia, wakipiga miguu kwenye mbao: "Soma! Soma!"

Théoneste akakohoa. "Nambari nane... Sebahire."

Refa akampa Ineza mpira wa pili, naye akatupa. Mpira ukapita bila kugusa chuma, wakawa sare.

Katika muda wa ziada walishindwa kwa pointi mbili, na Cansilde hakumsemesha hadi Kigali. Lakini Ineza alikuwa amefunga mara tatu zaidi, na mara zote tatu jina lilisomwa, zima, bila kukohoa.