Kitako Kilichovunjika Mara Mbili

Kunguru ndiye aliyeanza. Nilikuwa nimetoka soko la samaki la Feri na changu wawili, nikawaweka juu ya ukuta wa paa letu hapa Kariakoo nifunge bomba kwanza. Kugeuka, mmoja yuko mdomoni mwa kunguru. Nilipandwa na hasira, siwafichi. Nikashuka chumbani, nikapanda kiti, nikaitoa juu ya kabati bunduki ya upepo ya marehemu baba mkwe, iliyokuwa imefungwa shuka. Kupiga sijui. Nikaishika mtutu, nikamrukia nayo kunguru kama mtu anayeua nyoka. Kunguru akaenda zake. Bunduki ikagonga ukingo wa ukuta, na kitako, ule mti mzima unaoegemezwa begani, kikakatika shingoni.

Nilikaa chini palepale. Mume wangu ni mtu wa Kilimanjaro, anauza vyombo vya plastiki kwa jumla hapo chini, na kila nikivunja glasi huja na wimbo wake: "Mama watoto, mikono yako haitulii. Unadhani kwa nini baba alinipa mimi bunduki, asimpe kaka mkubwa? Kwa sababu mimi natunza kitu." Miaka ishirini na saba ya ndoa nausikia. Na kaka mkubwa mwenyewe alikuwa anakuja Jumamosi. Kila akija, kabla hata ya chai, huiomba ile bunduki, akaipakata kidogo, akairudisha. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikafungua skrubu kwa bisibisi, chuma nikakirudisha ndani ya shuka, mti nikaufunga kwenye khanga na kuubeba kwa miguu hadi kwa maseremala wa mtaa wa Gerezani. Njiani watu hawakuniacha. "Pole mama, mguu wa nani huo?" akaniuliza muuza soksi. Nikamwambia wa mume wangu. Akarudi kwenye soksi zake.

Fundi niliyemkuta ni seremala wa makamo, si msemaji. Alivigeuza vile vipande viwili, akanusa palipovunjika, akauliza rangi nyeusi ile aliipaka nani. Nikasema sijui, nimeikuta hivyo. Akachukua kipande cha kioo akaanza kuikwangua. Nilitaka nimwachie niende zangu, lakini rangi ikawa inatoka, na chini yake mti wa kahawia wenye mistari mizuri, mimi huyo nikavuta stuli.

"Mama," akasema baada ya muda, "hii imevunjika mara mbili."

"Mara mbili vipi? Nimeivunja mara moja!"

Akanionyesha. Nilipovunja mimi palikuwa peupe, na nyuzi zimechomoza. Lakini vidole vinne chini yake palikuwa na mstari mwembamba, mweusi kwa gundi ya zamani, unakatiza mti mzima. Ubavuni kuna vigingi viwili vya mti mwingine, mweupe, mgumu.

"Aliyefanya hivi si seremala," akasema. "Kachonga kwa kisu. Lakini ana subira, maana vimekaa. Na huu mti siufahamu. Wa pwani huu siyo."

Jamani! Nilimwuliza maswali mpaka akacheka. Mtu akidondosha bunduki inavunjika hivyo? Akasema ndiyo, ikiangukia kitako. Zamani sana? Ndiyo, gundi imekauka imekuwa kama kioo. Huku akijibu alikuwa anatoboa matundu pale nilipovunja, akapaka gundi, akapiga vigingi vyake, akaviringisha vipande vya tyubu ya baiskeli kwa nguvu zake zote. Nilipenda kumwangalia. Kisha akaniuliza swali lililoniharibia usiku.

"Nipake nyeusi kama mwanzo, au niache mti uonekane?"

Nyeusi, kila kitu kingefunikwa. Mume wangu asingejua milele. Mwanamke mwenye akili angesema nyeusi akaenda kupika. Lakini nikishafunika nitamwulizaje nani aliivunja kwanza? Kuuliza la zamani ni kujitaja la jipya. Nikamwambia fundi asubiri kwanza.

Nikavumilia mpaka chakula cha usiku, na hapo nimejitahidi.

"Hivi ile bunduki ya baba, ilishawahi kuvunjika?"

Akaacha kutafuna. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu nimeivunja."

Nilikaa tayari kwa wimbo. Haukuja. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Fundi ameona pa zamani?"

"Ameona. Na vigingi."

"Vya mbuni," akasema. "Baba alichonga kwa mti wa kahawa wa nyuma ya nyumba, akafunika kwa rangi."

Halafu akanieleza. Alikuwa na miaka sita. Kaka yake, wa miaka tisa, alikuwa ameichezea bunduki akairudisha kwenye msumari wake ukutani. Yeye akapanda kigoda, akaishusha, ikamponyoka. Akaiacha chini, akakimbia. Baba aliporudi aliuliza nani aliishika mwisho. Kaka akasema ni yeye, kwa kuwa ndivyo alivyojua. Akachapwa mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakuruhusiwa kuigusa. Ndiyo maana mzee alipogawa vitu vyake, bunduki ya mtoto wa kwanza ikaja kwa mume wangu.

Nilichemka. "Yaani miaka yote hii unaniimbia mikono yangu, kumbe mvunjaji ni wewe!" Nilimsema mpaka nikachoka. Yeye akawa anazungusha tonge lake kwenye sahani. Nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi.

"Mwambie fundi apake nyeusi," akasema mwishoni.

"Ujumbe huo siupeleki. Nenda mwenyewe."

Ijumaa akaenda. Akarudi na kitako mkononi, bila khanga. Hakikuwa cheusi. Kilikuwa kimepigwa msasa kikalainika, kimepakwa mafuta, na mistari yote miwili inaonekana wazi. Sikumwuliza kitu, na mnajua sasa ilivyonigharimu. Tukafunga chuma pamoja, yeye akishika, mimi nikikaza skrubu.

Jumamosi shemeji akafika. Shikamoo, marahaba, za Moshi, akanyoosha mikono kama kawaida yake. Mume wangu akampa. Shemeji akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kumbe ulikuwa mti mzuri hivi," akasema. Kidole gumba kikapita kwenye mstari wa zamani, kikasimama. "Hapa nilivunja mimi. Niliitundika vibaya. Msumari ule nauona mpaka leo. Ningeisukuma ndani kidogo tu."

Mume wangu alikuwa bado amesimama. "Kaka, hukuitundika vibaya. Niliishusha mimi, ikaniponyoka."

Shemeji akacheka. "Acha bwana, unanipoza tu."

"Ni mimi, kaka. Nilikimbia."

Shemeji akanitazama mimi. "Shemeji, anasema kweli huyu?"

Nikasema, "Kweli, shemeji."

Akakaa, bunduki mapajani. Ana miaka sitini na mbili. Kisha akamwuliza mdogo wake jambo moja tu.

"Baba ulimwambia, kabla hajafa?"

Mume wangu akatikisa kichwa kukataa, na shemeji akaanza kulia.