Nilivyokata minyaa yangu mbele ya wenye bunduki, hapa Bunia

Wakuu wa bustani, hamjambo humu? Juzi mdau mmoja kauliza apande mnyaa wa aina gani mbele ya nyumba, nikaona mnamjibu kishabiki tu. Mimi ni mama wa Bunia, nimepita miaka hamsini, na haya sikusimuliwa. Sitatia chumvi.

Jibu lake kwanza.

Ule wa miiba na maua madogo mekundu, wa kutambaa ukutani, panda bila wasiwasi. Ule wa Noeli nao mzuri, ila unataka jua. Wa majani ya zambarau unapendeza kuliko yote. Mnyaa wenyewe, wa vijiti vya kijani visivyo na majani, ndio unaofunga ua haraka.

Ukikata kipande usikipande siku hiyohiyo. Kiache kivulini siku kadhaa, utomvu ukauke, la sivyo kitaoza. Wengi mnaharibu hapo.

Mimi nilipanda mistari miwili. Minyaa nje, zambarau ndani, katikati nafasi ya mtu mmoja kupita akipogoa. Nilijisifu sana kwa ua ule, nakiri.

Kisha vita vikafika mtaani kwetu.

Mume wangu alikuwa Niania kwa biashara, barabara imefungwa. Jirani yangu, Mama Furaha, watoto wake walishatangulia Tchomia, kule ziwani, na baba yao. Yeye alibaki kufunga nyumba. Asubuhi moja wakaingia vijana wenye silaha, wa upande uliokuwa unawawinda watu wa kabila lake.

Akaja mbio kwangu. Nikamsukuma katikati ya ile mistari miwili, akalala chini.

Sikumaliza hata kufuta nyayo zake. Mmoja wao akasimama mlangoni.

"Mama, kata hii majani yote. Siye tunataka kuona barabara."

"Nitakata kesho, papa."

"Sasa hivi. Ao iko mutu ndani?"

"Haiko mutu. Iko miye moja tu."

Akanyoosha mkono achukue panga langu akate mwenyewe. Nikamwambia, "Papa, acha. Hii maziwa ya majani inaharibu macho." Akaurudisha mkono haraka. "Basi kata weye mwenyewe."

Nikaanza juu kabisa, taratibu. Kila pigo utomvu unatiririka, na mimi najua unamtiririkia nani. Yule kijana kasimama hatua tatu, bunduki begani, ananihimiza. Nilimwomba Mungu Mama Furaha awe amelala kifudifudi.

Hakuwa amelala kifudifudi.

Nilipofika usawa wa kifua nikasikia mguno chini. Mdogo tu, wa mtu aliyeuma nguo.

"Nani analia?"

Akasogea hatua moja. Ya pili ingemfikisha pa kumwona.

Kiganja changu kilikuwa cheupe kwa utomvu. Nikajipaka jicho la kushoto, nikapiga yowe la kweli, maana moto wake hausemeki. "Macho yangu! Miye nakufa!" Nikajigaragaza palepale, namshika suruali kwa mikono ile ile.

Aliruka nyuma akitukana, akijifuta suruali kwa majani ya mgomba. Alihofia ule utomvu kuliko bunduki yake mwenyewe. Akaondoka, ua umebaki nusu.

Walipotoka mtaani tulioshana macho kwa bidoni, dumu zima la maji, tunalia wote wawili. Jicho lake lilipona baada ya wiki. La kwangu limebaki na ukungu.

Nililojifunza: mnyaa upande mbali na mlango, vaa miwani na glavu ukikata, maji yawe karibu. Siku hizi mlangoni nina wa miiba tu. Wenye minyaa nyumbani, nyie mnaikataje? Semeni.

Mama Furaha yuko hai, Tchomia, ana wajukuu. Kila akija ananiletea samaki wa kukausha na kunichamba: "Weye unajua maua yote, lakini kukata haujue. Ona jicho lako!"

Sijawahi kumwambia la jicho hilo. Ananicheka mpaka machozi yanamtoka, na mimi nacheka naye.

Mwenye ndugu Tchomia, tafadhali, yaishie humu.