Mshumaa kwenye Mguu wa Kitanda

Hebu mwone anavyofika. Anapanda ngazi za udongo za mtaa wa Nyamugo polepole, bomba la moshi begani, na mfukoni mwa koti ana vipande vya mishumaa alivyopewa na msakristia wa parokia, vile vifupi visivyofaa tena altareni. Watu wanamwita kutoka milangoni: "Papa Moshi, leo unaenda kuchoma nani?" Naye hujibu vilevile siku zote: "Yule atakayeninyima chai."

Jina lake ni Ezéchiel. Amefunga majiko ya kuni kwa miaka zaidi ya ishirini, kule Muhumba katika nyumba za matofali, na huku juu katika nyumba za mbao. Kule Muhumba hufika asubuhi na saa sita amemaliza. Nyumba za mbao ndizo zinazomtoa jasho. Zimebanana ukuta kwa ukuta, na ndani watu hubandika makartoni ili upepo usipite kwenye nyufa. Moja ikishika moto, mstari mzima unakwenda.

Siku ninayowaambia alikuwa ameitwa na Maman Yolande. Mama yake Yolande, Koko Madeleine, ni bibi wa miaka themanini na kitu. Alikuwa ameletwa kutoka Walungu akiumwa kifua, na daktari alisema chumba chake kipate joto, la sivyo mvua za mwaka huu hatazimaliza. Chumba chenyewe ni kimoja, si kikubwa. Jiko na kitanda vilipaswa kukaa pamoja.

Papa Ezéchiel alikuta kazi imeshaanza bila yeye. Gentil, shemeji yake Yolande, aliyerudi juzi kutoka Kamituga, alikuwa amelisukuma jiko mpaka konani na kupigilia bati nyuma yake, juu ya kartoni moja kwa moja. Bati sisi huku tunaita manjanja.

"Muzee, umechelewa," Gentil alisema. "Weye weka tu bomba. Ukuta nimeisha kuufunga."

"Umeufunga na nini?"

"Na manjanja, si unaona? Chuma inawakaka?"

"Chuma haiwakake."

"Basi!"

Papa Ezéchiel alichomoa misumari miwili ya chini, akaingiza mkono, akapaka nta ya mshumaa juu ya kartoni nyuma ya bati, kisha akairudisha misumari. Akaomba mbabula ya jirani, lile jiko dogo la makaa, ikiwa na makaa mekundu, akalisogeza jiko, akaiweka pale lilipokuwa, mlango wa chumba ukiwa wazi. Halafu akaketi, akanywa chai yake. Gentil alimwambia Yolande kwamba fundi huyu analipwa kwa kukaa.

Chai ya pili ilipokwisha, wakalifungua bati. Nta ilikuwa imetiririka hadi chini, na kartoni imekuwa rangi ya ganda la mkate. Gentil akaigusa kwa kidole, akakirudisha haraka.

"Yezu!"

"Ile ni mbabula tu," Papa Ezéchiel alisema. "Jiko, kila siku, mwezi mbili? Manjanja inapitisha joto yote. Kartoni ndo inawaka, weye uko nje unajisifu."

Kisha akafanya kazi. Alibandua makartoni yote ya kona ile. Bati akalirudisha, lakini safari hii akalitenga na mbao kwa vipande vya bomba la maji vya vidole vinne, katika kona nne tu, wala si katikati. Chini na juu akaacha wazi ili hewa ipande nyuma yake. Jiko akaliweka mkono mzima mbali na bati. Darini alikata tundu pana kuliko bomba, akalizungushia pete ya chuma iliyokatwa mdomoni mwa pipa, na boriti iliyokuwa karibu akaikata na kuifunga upya pembeni, ingawa Gentil alilalamika kwamba boriti ile ilikuwa na nguvu kuliko wao wote wawili.

Ikabaki hesabu ya kitanda. Mbele ya jiko Papa Ezéchiel alitaka hatua moja kubwa isiyo na kitu: si nguo, si kuni, si blanketi. Kitanda kikasogezwa mpaka mlangoni.

"Munaniweka mulangoni kama imbwa?" Koko Madeleine aliuliza.

"Koko, joto itakufikia pale."

"Joto yako iko nakawia njiani."

Yolande alimwangalia mama yake, akamwangalia fundi, akamfunika mama yake blanketi. Papa Ezéchiel akachukua kipande cha mshumaa, akakibandika kwenye mguu wa kitanda, upande wa jiko. "Hii buji isiyeyuke," alisema. "Ikiyeyuka, kitanda kimetembea."

Baada ya wiki alirudi bila kuitwa, kama alivyozoea. Jiko lilikuwa linawaka vizuri. Kitanda kilikuwa palepale mlangoni. Koko Madeleine alikuwa ameketi juu yake akichambua maharagwe, na kwa mara ya kwanza hakukohoa. Mshumaa haukuwepo.

"Panya," Koko alisema kabla hajaulizwa. "Panya za huku zinakulaka buji, papa. Haziogopi hata Mungu."

Ni kweli, panya wa Nyamugo hula mishumaa. Papa Ezéchiel akainama. Mahali mshumaa ulipokuwa, mbao ilikuwa inang'aa kidogo kwa nta: labda iliyeyuka usiku kitanda kikiwa karibu na jiko, labda ni ile ya kubandikia tu. Hakuona alama ya meno, lakini hata macho yake si ya kijana tena. Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, mtoto alikuwa analia. Spana alikuwa nayo mfukoni. Mara mbili katika maisha yake ameshawahi kulifungua bomba katika nyumba ya watu wasiomsikia na kuondoka nalo, jiko lisiwashwe tena.

Koko akaendelea kuchambua maharagwe, bila kumtazama.

Wewe ungelifungua bomba, au ungemwamini panya?